Ua Nilioupanda kwa Wivu

Ipo siku moja, mwanangu Neema, ambayo hunirudia kila kiangazi kinapoanza na vumbi la barabara yetu linapopanda mpaka dirishani. Sijawahi kukusimulia siku hiyo. Nilikusudia kwenda nayo kaburini, na ningekwenda nayo kweli, kama usingenipigia simu Jumapili baada ya ibada ukaniomba nikukatie vijiti vya minyaa nikutumie huko Mbarara.

Ngoja nikukumbushe maneno yako mwenyewe. Ulisema, "Mama, unitumie ile miti haiombi maji. Nataka nifunge nyuma ya nyumba yote, hata inzi asipite. Ule mama wa saloni anaishi nyuma yetu, kila Davide wangu akiosha pikipiki, naye anatoka kuanika taulo. Ni taulo gani za kuanika mara tano kwa siku?"

Nilicheka, ukadhani nakucheka wewe. Nilikuwa najicheka mwenyewe, maana mwanamke akishaanza kuhesabu taulo za jirani, najua amefika wapi. Mimi nilikuwa nahesabu robo, magauni ya jirani yangu. Kisha nikamsikia mjukuu wangu Ruti akiimba nyuma yako huko uani, nikakumbuka kwamba mwezi huu anatimiza miaka mitatu, na kicheko kikanikauka mdomoni. Nikakuambia simu yangu inaisha chaji. Ulikuwa uongo, chaji ilikuwepo.

Sasa kaa, mwanangu, nikuambie kwa nini minyaa sikutumii, na kwa nini hapa kwetu kambini Nakivale huioni hata mmoja katika ua wangu.

Nilipofika hapa na baba yako nilikuwa bado msichana, wewe ukiwa mgongoni. Tulitoka milimani kwetu Kivu, mahali ambapo ukichomeka kijiti ardhini leo, mwezi ujao kina majani. Hapa tulipewa kiwanja kwenye uwanda mkavu, nyasi za njano, ziwa unaliona kwa mbali linang'aa, lakini maji ya kunywa unayapangia foleni. Sikuijua ardhi hii. Nilipanda ua kama mama yangu alivyopanda: nikakata fito mbichi, nikazichomeka mstari mmoja, nikangoja mvua. Fito zilikauka, nikazipikia maharage. Nikapanda matete, mbuzi wakala. Nikapanda haibiskasi niliyopewa na mama mmoja wa kanisani, nikainyima maji siku tatu tu nilipougua malaria, nayo ikafa. Uwanja wetu ukabaki wazi, mtu akipita barabarani anaona hadi sufuria yangu ina nini.

Jirani wa nyuma alikuwa Mama Faida. Wewe unamjua akiwa mzee, mnene, ana jicho moja jeupe. Mimi nilimjua akiwa mwanamke mrefu, mjane, mwenyeji wa upande wa Uvira, mwimbaji wa kwaya ya Waprotestanti, mwenye mashini ya kushona. Alikuwa anaweka mashini ile nyuma ya nyumba yake, kwenye kivuli cha paa, uso wake umeelekea kwetu. Na kwetu, mkabala naye, baba yako alikuwa anatengenezea baiskeli za watu.

Hapo ndipo mambo yalipoanza. Baba yako unamjua, maneno yake ni machache kama anayanunua dukani. Nilikuwa nampakulia chakula, anasema "Aksanti," basi, siku imekwisha. Lakini kutoka kule nyuma nilikuwa namsikia anacheka. Mama Faida anapaza sauti, "Baba Neema, mukanda wa mashini umetoka tena, uje na ile mafuta yako ya velo!" naye anaacha baiskeli ya mtu imelala chali, anavuka na kopo lake la mafuta. Anakaa huko. Anacheka huko. Anarudi kwangu amenyamaza.

Nilimwonea wivu yule mwanamke mpaka nikakosa usingizi na hamu ya kula. Sikufichi. Nilimwonea wivu kwa kicheko cha mume wangu, na chini ya huo kulikuwa na wivu mwingine ambao nilikataa kuutazama. Niliionea wivu mikono yake. Mimi nilikuwa na vitenge viwili, kimoja cha shamba na kimoja cha kanisani. Yeye alikuwa anaokota vipande vilivyobaki mezani, anaviunga, na Jumapili anatoka na robo ambayo hata wake za wafanyabiashara wa Mbarara wangeiulizia. Nilizihesabu robo zake kama wewe unavyohesabu taulo. Nikifika ya saba, nasema moyoni, mjane anampambia nani huyu?

Basi nikaamua nitafunga. Nilipokwenda Mbarara kuuza maharage nilipita kwa mzee mmoja Munyankore, mwenyeji wa huko, aliyekuwa anauza miche kando ya barabara ya kutokea Bwizibwera. Alikuwa amekaa juu ya debe lililopinduliwa, anamwagia miche yake maji kwa kopo lenye matundu, taratibu kama anayebatiza. Nikamwambia nataka miti ya kufunga nyuma ya nyumba, mahali pakavu, na nataka ikue upesi.

Alinionyesha. Alikuwa na bugenvilia ya maua mekundu, alikuwa na miarobaini, alikuwa na mikomamanga midogo kwenye mifuko myeusi. Alinieleza kwa kile Kiswahili chao cha sokoni: "Hii napenda jua. Wewe namwagia maji mwaka moja, mwaka ya pili hii natafuta maji yenyewe. Nachanganya, refu na fupi. Upepo napita, watu hapana ona ndani sana."

"Mwaka mmoja ni mrefu," nikamwambia. "Hakuna yenye inafunga mbio?"

"Iko ile watu ya ng'ombe nazungusha zizi. Hiyo hapana kufa. Lakini nyabo, mama yangu, hiyo hapana weka karibu na nyumba, na mtoto iko. Maziwa yake nachoma macho." Kisha akaweka kopo chini akanitazama. "Wewe iko ficha nini?"

"Vumbi," nikasema.

"Vumbi gani nakasirisha mtu hivi?"

Akacheka, nami nikaondoka bila kununua hata mche mmoja. Unanisikia, Neema? Niliambiwa. Mzee wa watu, asiyenijua, aliniambia mchana kweupe, kwa maneno ambayo hata mtoto angeyaelewa. Sitaki uje ufikiri kwamba mama yako alikuwa hajui. Nilijua, ila hasira ilikuwa imenikaa masikioni.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa mfugaji mmoja ng'ambo ya kilima, ambaye zizi lake la zamani lilikuwa limegeuka msitu wa minyaa. Alinikatia mzigo mzima. Alikuwa anakata akigeuza uso pembeni, na aliniambia niiache kivulini siku kadhaa utomvu ukauke ndipo niichomeke. Nilifanya hivyo. Kisha nikangoja.

Nilichokuwa nangoja ndicho kinachoniaibisha kuliko yote. Kwetu kijijini, mwanangu, ua wa mpakani haupandwi na mtu mmoja. Unamwambia jirani, anakuja na fito zake, mnapanda pamoja, yeye kwake na wewe kwako. Na katikati mnaacha pengo la upana wa mwanamke mwenye kikapu, ili mtu apite kuomba moto, au chumvi, au kuita wenzake mtu akizidiwa. Bibi yako alikuwa anasema ua usio na pengo ni wa watu waliogombana. Nilikuwa najua haya kama ninavyojua jina langu. Kwa hiyo nilingoja mpaka Mama Faida alipokwenda Mbarara kununua vitambaa, akalala huko kwa ndugu zake wa Kakoba, na kwa siku tatu alizokuwa huko nikapanda ua wote peke yangu, kutoka kona hadi kona. Pengo sikuacha. Upande wa barabarani nikaweka mlango wa mabati unaofungwa kwa waya.

Aliporudi alisimama upande wake, mfuko wa vitambaa bado uko begani. Vijiti vilikuwa vimefika magotini tu.

"Mama Neema," akaniita, "ni rido unapanda, pazia ya miti?"

"Ni juu ya kuzuia vumbi," nikamjibu bila kuinua kichwa.

"Na fasi ya kupita iko wapi?"

"Utapita ku barabara."

Angeweza kunitukana, alikuwa na haki. "Sawa, ndugu yangu," akasema, akaingia ndani. Siku hiyo sikumsikia akiimba. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi sana.

Minyaa haikuniangusha. Jua likiwaka yenyewe inanenepa, mbuzi hawaigusi, ng'ombe wanaizunguka. Baada ya miaka miwili ua ulikuwa umenipita kichwa, mnene, wa kijani hata wakati nyasi zote zimekuwa majivu. Wanawake walikuwa wanakuja kuusifia. Baba yako peke yake hakuusifia. Alisema mara moja tu, "Ulifunga hata upepo," na kweli jikoni kwangu palikuwa pamoto kama tanuri.

Lakini sikiliza jambo ambalo sikulitazamia. Nilidhani nikifunga nitapumzika. Zamani mume wangu alipokuwa anavuka na kopo la mafuta, nilikuwa namwona. Nilikuwa naona anainama kwenye mashini, naona anafunga mkanda, naona watoto wa Mama Faida wamemzunguka, naona hakuna kitu. Sasa mashini ikiharibika anazunguka kwa barabara, anachelewa, na mimi nabaki nyuma ya ukuta wangu wa kijani nasikia kicheko tu. Nyuma ya kicheko kile nilijaza mwenyewe kila nilichotaka. Wivu wangu ulikua kuliko minyaa, na huo haukuhitaji hata umande.

Tukafika siku yenyewe. Kilikuwa kiangazi, asubuhi jua limekwisha kuwa kali. Baba yako alisema anakwenda Mbarara kutafuta vipuri. Akatoka. Muda mfupi baadaye nikachungulia kwenye tundu la mlango nikamwona Mama Faida anapita barabarani amevaa robo ya bluu, mfuko mkononi, anaelekea kulekule kwenye stendi ya taksi. Damu ilinipanda. Nikasema leo nawakamata.

Wewe ulikuwa umelala kitandani. Ulikuwa na miaka mitatu, umri wa Ruti. Siku nyingine zote, kabla ya ua ule, nikitaka kutoka ningesema tu, "Mama Faida, sikiliza mutoto," na yeye angeinua mkono bila kuacha kushona. Siku hiyo nilikuwa sina wa kumwambia, maana niliyezoea kumwambia ndiye niliyekuwa namkimbiza. Nikafunga mlango wa mabati kwa waya, nikasema nitarudi kabla hujaamka.

Nilikimbia njia ya shamba ili nisionekane. Stendini nilijificha nyuma ya kibanda cha muuza nguo za mitumba, mwanamke mzima, nachungulia kati ya makoti. Baba yako alikuwa ndani ya taksi, kiti cha dirishani. Pembeni yake amekaa bibi mmoja na kuku wawili. Nilimtafuta mwenye robo ya bluu taksi nzima, sikumwona. Nikangoja mpaka gari likaondoka. Hakuja. Baadaye nilijua kwamba alikuwa amempelekea mwalimu mmoja nguo aliyomshonea, hapo karibu tu, akarudi kwake mara moja. Nilisimama pale kwenye mitumba nikiwa na furaha na aibu kwa pamoja, na hata nikapoteza muda kujipangia uso kabla ya kurudi.

Yaliyotokea nyumbani sikuyaona, nilielezwa na Mama Faida mwenyewe na mpita njia mmoja. Uliamka. Ukatoka uani na kikombe chako cha bati. Ulikuwa unapenda kucheza mchezo wa kupika chai, na uliona kwamba ukivunja tawi la ule mti linatoa maziwa. Ukayakamua kwenye kikombe. Kisha ukajifuta uso kwa mikono ileile.

Mama Faida alikuwa ndiyo kwanza ameketi kwenye mashini. Anasema hakijawahi kumfikia masikioni kilio cha namna ile. Akaita, "Mama Neema! Mama Neema!" Hakuna jibu. Akakimbilia barabarani, akakuta mlango umefungwa kwa ndani kwa waya, maana nilipotoka nilipitisha mkono juu nikausokota kwa ndani, fundo ninalolijua mimi tu, nilivyokuwa mjanja. Akarudi kwake. Akatazama ua. Huyo mwanamke alikulia Uvira, minyaa anaijua tangu utoto, hakuna aliyepaswa kumweleza ina nini ndani. Alichukua panga, akaufyeka ua wangu, akaingia na mwili wake mzima katika utomvu unaoruka.

Mimi nilifika nikakuta tundu kubwa kwenye ua, na ndani ya uwanja wangu Mama Faida amepiga magoti, wewe umelazwa mapajani pake. Alikuwa anakumiminia maji machoni kutoka kwenye bidoni lake la lita ishirini, yale ya foleni ya tangu alfajiri. Robo ya bluu imetapakaa utomvu. Macho yake mwenyewe yalikuwa yamefumbwa, yamevimba, machozi yanatiririka, anakutafuta uso kwa vidole.

Unajua nilisema nini? Nilipiga kelele: "Umemufanya nini mutoto wangu?"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza.

Alisema, "Shika mutoto. Mwangalie kama anaona. Maji imeisha, ulete ingine, mbio."

Nikaleta maji yangu. Nikakuosha wewe tena. Nikakuosha wewe, Neema, na yeye akiwa amekaa chini pembeni yangu anajifuta macho kwa mkono wenye utomvu, na sikumpa hata kikombe kimoja mpaka majirani walipoingia wakamwona. Nimejiuliza mara nyingi kama ilikuwa hofu ya mama tu. Mama yeyote angeanza na mtoto wake, ni kweli. Lakini kikombe kimoja kilikuwepo.

Walitupeleka zahanati ya kambi, na kutoka hapo hospitali kubwa ya Mbarara. Baba yako tulimkuta hukohuko mjini, akaja na vipuri vyake mkononi. Siku ya tatu wewe ulifumbua macho ukaomba chai. Macho yako yalikuwa mekundu, lakini uliyaona maua kwenye kitenge changu, ukayagusa moja moja. Mama Faida, kitanda cha pili, walimfungua kitambaa siku ya nne. Jicho la kushoto lilirudi. La kulia halikurudi.

Alipoambiwa, aliuliza jambo moja. "Mutoto wa Mama Neema anaona?"

"Anaona," nikasema.

"Yote mbili?"

"Yote mbili."

"Basi," akasema, akageukia ukutani. Nikalia pale mpaka muuguzi akanitoa nje. Nilimwambia yote, mwanangu, siku hiyohiyo nilipopata sauti. Nilimwambia juu ya baba yako, juu ya robo saba, juu ya mitumba ya stendini. Alinisikiliza amelala chali. Halafu akasema, "Nilijua. Mutu hapandi minyaa juu ya kuzuia vumbi. Lakini ungeniuliza, ndugu. Ungeniuliza tu, ningekucheka, tungemaliza."

Baba yako hakunifokea. Aliporudi nyumbani alivaa lunete, miwani ya mtu wa kuchomelea vyuma, akajifunga mikono kwa matambara, akaung'oa ua wote mpaka mizizi, akaufukia kwenye shimo mbali na watu. Ilimchukua siku mbili. Mimi nikarudi kwa mzee wa miche, nikamwambia nilichofanya. Hakusema, "Nilikuambia." Alinichagulia mwenyewe, na nilipokuwa naondoka akasema, "Sasa panda na huyo mama. Hapana panda peke yako."

Tulipanda wawili, mimi na Mama Faida, mvua za kwanza. Yeye kwake, mimi kwangu, na kopo la mafuta la baba yako tuliliweka katikati kuonyesha pengo litakapokaa. Yale maua mekundu unayoyaona leo ndiyo hayo, na komamanga ulilokuwa unaiba ni lake, si langu.

Wewe tulikuambia jicho lake liliharibiwa na ugonjwa. Mimi ndiye niliyemwomba anyamaze. Alikubali, na amenyamaza mpaka leo. Nilimwambia ni kwa ajili yako, usije ukajilaumu. Ukweli niutoe wote sasa: niliogopa ukijua utampenda kuliko mimi. Tayari ulikuwa unakimbilia kwake. Ulivaa robo zake, uliimba nyimbo za kwaya yake, na mpaka sasa ukipiga simu, kabla hujaniuliza mgongo wangu unaendeleaje, unauliza, "Mama Faida hajambo?" Kila mara linanichoma, hapa. Nimezeeka, nimemwomba msamaha mbele ya wachungaji wa makanisa mawili, na bado linanichoma. Usidanganywe kwamba wivu unaisha nywele zikiwa nyeupe.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Funga uwanja wako, sikukatazi. Mwanamke anahitaji mahali pa kuvulia kitambaa cha kichwa bila macho ya barabara nzima. Lakini huko kwenu Kakoba uwanja ni mdogo na kiangazi ni kirefu, basi usitafute kinachokua mbio. Panda bugenvilia ukutani, mbali na pale Ruti anapochezea kwa sababu ya miiba. Panda mkomamanga mmoja au miwili na mwarobaini kwenye kona, usiukaribishe sana na msingi wa nyumba. Mkaratusi usiulete kabisa, utayanywa maji ya bustani yako yote. Chimba shimo pana kuliko unavyodhani, lifanye kama bakuli ili tone lisikimbie, funika kwa majani makavu ya migomba, na maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni kali yote yaende huko. Panda mvua zikianza, usipande ukiwa na hasira. Na mti wowote unaotoa maziwa meupe ukiuvunja, hata ukipewa bure, uache ulipo mpaka mtoto awe mkubwa, na hata hapo uache.

Na kabla ya kuchimba shimo la kwanza, nenda kwa yule mama wa saloni. Mwambie, "Nataka kupanda ua, tupande wote." Mwulize na habari ya taulo, umwulize kwa mdomo wako. Pengine saloni ina taulo nyingi kwa sababu ni saloni, hilo umelifikiria? Na kama kweli ana jambo na Davide, utalijua usoni pake siku hiyohiyo, bila kungoja miti ikue. Acheni pengo. Siku Ruti atakapolia na wewe hupo, yeye ndiye atakayekuwa karibu.

Mimi pengo langu nalipita kila asubuhi. Jicho moja halitungi uzi vizuri, kwa hiyo nakwenda na chai, nakaa kwenye kiti chake kidogo, namtungia sindano za siku nzima, nazichoma kwenye kile kipande cha sponji kilicho juu ya mashini. Kumi, kumi na mbili. Huwa hanishukuru, ananiambia tu, "Jana ulinitungia uzi mufupi, uliona uvivu."

Mungu aliyekurudishia macho akulindie hayohayo, mwanangu, na ya Ruti, na ya kila mtoto wa uwanja ule wenu. Akupe kivuli ambacho hakimwumizi mtu. Akupe jirani anayesikia.

Ukija Jumamosi, usianzie kwangu. Shuka na mtoto, pitia barabara ya nyuma, uingie kwa Mama Faida kwanza. Umweke Ruti mapajani pake, umwambie kwamba umejua. Mkae mnavyotaka, mcheke mnavyotaka. Mimi nitakuwa huku kwangu napika, nawaona kupitia pengo, na nitangoja.